Vibali vya Kirinyaga

Mtanzania haombi viza kwenda Kenya. Akiwa na pasi iliyo hai anagongewa muhuri Namanga, kwenye kituo cha pamoja cha mpakani, na basi linaendelea. Mgeni wa Ulaya au Marekani, tangu Kenya ilipofuta viza Januari 2024, huomba idhini kwa intaneti kabla hajapanda ndege. Kazi huanza baada ya hapo. Nikiwa bado nyumbani Tanga, nikijiandaa kwa safari yangu ya kwanza ya Mlima Kenya, niliona kuwa kuingia nchini ni rahisi kuliko kuingia mlimani.

Mlima ule ni hifadhi ya taifa tangu 1949, nao uko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, ambalo kila Mkenya huliita KWS. Kanuni haziruhusu mtu kupanda peke yake. Malipo hufanywa kupitia eCitizen, mtandao wa serikali, kwa hesabu ya siku utakazokaa ndani, na langoni hakuna anayepokea noti. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi. Mgeni wa mbali hulipa kwa dola, tena mara kadhaa ya kiwango chetu. Kwa hiyo pasi haifungiwi hotelini, maana bila pasi ujirani wako hauna ushahidi. Unataja lango la kuingilia na lango la kutokea. Chupa za maji za plastiki, zile za kutumia mara moja na kutupa, zimepigwa marufuku hifadhini tangu Juni 2020, kwa hiyo ukinunua katoni ya maji mjini utaiacha huko huko.

Lakini hesabu iliyonikalisha mezani usiku mwingi ilikuwa ya mahali pa kulala. Lango la Naro Moru liko mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kituo cha kwanza, kinachoitwa Met Station, kiko mita 3,050. Kinachofuata, Mackinder's, kiko mita 4,200. Mtu akitoka cha kwanza kwenda cha pili kwa siku moja amepanda zaidi ya mita elfu moja, na mwili wa mtu wa pwani haujui kufanya hivyo kwa haraka. Mlima Kenya una sifa mbaya kwa jambo hili hasa: barabara nzuri humfikisha mgeni juu kabla damu yake haijazoea hewa nyembamba. Kichwa kinauma, chakula kinakataa kushuka, na akilazimisha, maji yanaweza kujaa mapafuni. Kampuni zinazouza safari za haraka huzipenda kwa sababu ni nafuu. Mimi nilikata shauri kulipia usiku wa ziada pale Met Station, na ningemshauri kila mgeni afanye hivyo hata kama itambidi apunguze matumizi mengine yote.

Kutoka Nairobi matatu hupita Thika, Sagana na Karatina, na ukishavuka Karatina hewa inabadilika: unatafuta sweta saa nane mchana. Nyeri ni mji wa miteremko, umekaa kati ya mlima upande wa mashariki na safu ya Aberdare, au Nyandarua, upande wa magharibi. Watalii hupelekwa kwanza kwenye kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki hapo Januari 1941. Wakimaliza huonyeshwa njia ya Treetops, hoteli ya msituni ambako binti wa mfalme wa Uingereza alilala Februari 1952, baba yake akafariki usiku ule, asubuhi akawa malkia. Oktoba mwaka huo huo serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari ili kuzima uasi wa Mau Mau. Baada ya miaka miwili wapiganaji wa Mau Mau waliichoma Treetops.

Sikupanga kukaa sana Nyeri, lakini mwenyeji wangu alinipeleka kwa jirani yake, mzee aliyekuwa mtoto wakati wa hali ya hatari. Nilimwamkia shikamoo, akacheka kwa furaha, akasema ni salamu aliyoizoea kwenye redio ya Tanzania. Chai ilipoletwa aliniuliza ninakwenda wapi, nikamwonyesha kibali changu kwenye simu. Alikishika mbali na macho, akakisoma taratibu, mstari kwa mstari.

"Sisi tulikuwa tunaomba karatasi ili tutoke," alisema. "Wewe unaomba ili uingie."

Akanieleza. Mwanzoni mwa 1953 misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua ilitangazwa kuwa eneo lililokatazwa. Mwafrika aliyekutwa humo aliweza kupigwa risasi bila kuulizwa. Pembezoni mwa msitu watu wa vijijini, wanawake wengi miongoni mwao, walilazimishwa kuchimba handaki refu la makumi ya kilomita ili wapiganaji wasishuke kutafuta chakula. Kuanzia 1954 familia zilihamishwa kutoka mashamba yao na kusongamanishwa kwenye vijiji vyenye ua na walinzi. Watu zaidi ya milioni moja waliishi hivyo. Mkikuyu, Mwembu au Mmeru aliyetaka kusafiri alihitaji ruhusa iliyoandikwa. Baba yake mzee yule alikuwa na dada Nanyuki, mwendo wa saa moja kwa matatu ya leo. Dada aliugua. Baba alikwenda kuomba karatasi kwa chifu, akaambiwa arudi kesho. Alirudi, akaambiwa afisa hayupo. Karatasi ilipopatikana, dada alikwisha kuzikwa.

"Na mlima tulikuwa tunauona kila asubuhi," alisema mzee. Kwa Wakikuyu mlima huu, Kirinyaga, ni makao ya Ngai, yaani Mungu, na wazee walipoomba walielekeza nyuso zao huko. Dedan Kimathi, aliyeongoza wapiganaji wa Nyandarua, alikamatwa Oktoba 1956 kwenye ukingo wa msitu, akahukumiwa hapo hapo Nyeri, akanyongwa katika gereza la Kamiti Februari 1957. Mzee alininyooshea kidole upande wa mahakama kama mtu anayeonyesha nyumba ya jirani.

Nililala nikimfikiria yule shangazi wa Nanyuki. Kabla ya hapo nilikuwa nimenung'unikia fomu, nywila na namba za uthibitisho, sikunung'unika tena. Kilichonijia ni swali ambalo nadhani kila mgeni anayekwenda mahali palipozuiwa ana wajibu wa kuliuliza: karatasi hii inamlinda nani, na inamfungia nani nje?

Naro Moru ni mji mdogo wa barabarani kati ya Nyeri na Nanyuki. Kutoka hapo hadi langoni ni kilomita zipatazo 17 za mashamba ya viazi, kabichi na ngano, kisha msitu. Njiani tulisimama kuwapisha akina mama waliobeba kuni mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Mlinzi wa msitu aliwasimamisha. Mmoja alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne kutoka kifuani, risiti ya ada ya mwezi ya kuokota kuni. Mlinzi akaisoma, akamrudishia, mzigo ukainuliwa tena. Kwa hiyo wenyeji nao wana kibali chao. Nilielezwa sababu, nayo ni nzito: mwaka 1999 uchunguzi uliofanywa kwa ndege ulionyesha msitu umeliwa na wakataji magogo, wachoma mkaa na mashamba ya bangi, na mwaka 2000 KWS ikakabidhiwa ulinzi wake. Mito inayonywesha nusu ya nchi hutoka humo. Nakubali kwamba msitu ule ulihitaji mlinzi. Ila nasema pia kwamba mama wa Naro Moru anayelipia kuni kavu, kwenye mlima ambako babu yake alifukuzwa kwa bunduki, anastahili kuwa wa kwanza kuulizwa kanuni zinapoandikwa.

Langoni kuna daftari kubwa lenye jalada gumu. Unaandika jina, uraia, namba ya pasi, jina la mwongozaji, siku ya kutoka, lango la kutokea, na simu ya ndugu wa kupigiwa. Niliandika namba ya dada yangu wa Tanga. Askari alinitazama, akauliza, "Huyu atapokea akipigiwa saa tisa usiku?" Nikasema atapokea. Hapo ndipo nilipoelewa daftari lile ni la nini.

Sitasimulia kila hatua. Msitu wa mianzi unakwisha, miti mikubwa yenye ndevu za kuvumwani inafuata, kisha unatokea kwenye kinamasi kilichosimama wima kama ukuta, matope mpaka kifundoni, kila hatua unavuta mguu kwa mikono miwili. Juu yake kuna bonde la Teleki na mimea ambayo sikuwa nimewahi kuiona hata kwenye picha: lobelia ndefu kuliko mtu, yenye majani ya nje yanayojifunga usiku kukinga baridi. Pale Mackinder's pimbi walikuja hadi kwenye ngazi ya mlango kutafuta makombo, wanene, bila hofu. Kichwa kiliniuma kidogo tu. Ule usiku wa ziada ulikuwa umefanya kazi yake.

Mwongozaji wangu alikuwa kijana aliyekulia Isiolo, na jioni ile alinisimulia Waitaliano watatu. Januari 1943 Felice Benuzzi na wenzake wawili, wafungwa wa vita katika kambi ya Waingereza huko Nanyuki, walitoroka ili tu waupande mlima waliokuwa wakiutazama kupitia seng'enge. Ramani hawakuwa nayo. Walitumia picha ya mlima iliyokuwa kwenye karatasi ya kopo la nyama. Wawili wao walifika kilele cha Lenana, wakasimika bendera yao, kisha wote watatu wakarudi kambini wenyewe na kupokea adhabu ya kufungiwa. Wageni wengi huisimulia habari hii kwa kicheko. Mwongozaji aliisimulia kwa heshima, kisha akasema, "Fikiria, dada, walirudi. Mau Mau wangerudi wapi?"

Tuliondoka kabla ya alfajiri. Kilele cha Lenana, mita 4,985, ndicho kinachofikiwa kwa miguu. Batian, mita 5,199, na Nelion vinahitaji kamba na watu wanaoujua mwamba. Vyote vitatu vina majina ya viongozi wa kidini wa Kimaasai, yaliyotolewa na Mwingereza Halford Mackinder, aliyefika Batian mwaka 1899. Usiku wa Desemba 1963 Kisoi Munyao alipandisha juu ya mlima huu bendera ya Kenya huru. Kulipopambazuka nilitazama kusini, mbali sana, nikauona mgongo wa Kilimanjaro juu ya mawingu. Machozi yalinitoka.

Mwongozaji hakutazama kusini. Alinigeuza kaskazini, kwenye nchi ya chini yenye rangi ya vumbi isiyo na mwisho. "Huko ni kwetu," alisema. Kwa sheria ya 1902, na nyingine ya 1934, wilaya za kaskazini zilifungwa: mgeni hakupita Isiolo bila kibali, na mwenyeji hakutoka bila pasi. Uhuru ulikuja Desemba 1963, na kabla mwezi haujaisha kaskazini ikawekwa chini ya hali ya hatari iliyodumu hadi 1991. "Nyanya yangu mpaka leo akija Nanyuki anasema anaenda Kenya," alisema. Leo lami inafika Moyale, na mgeni wa kwenda Marsabit hahitaji karatasi ya afisa yeyote. Anachohitaji ni kuuliza hali ya usalama kwa wenyeji kabla ya kuondoka, na kuwasikiliza wakimwambia asubiri.

Tuliteremkia lango la Sirimon, kama nilivyoandika kwenye daftari la Naro Moru. Jioni langoni askari alipata jina langu kwenye orodha aliyokuwa ametumiwa, akaandika saa. Kisha kidole chake kikateremka na kusimama kwenye mstari mwingine: wageni wawili waliotakiwa kutoka siku ile, na mwongozaji wao.

"Mliwaacha wapi?"

Mwongozaji wangu alisema tuliwapita chini ya kambi ya Shipton's. Mmoja alikuwa akikohoa na kutembea polepole. Askari hakuuliza zaidi. Alichukua redio, akaita Old Moses, kituo cha mwisho kabla ya lango. Kimya. Akaita tena. Sauti ilijibu kwamba wamefika sasa hivi, mgonjwa amelala kitandani, anataka apumzike mpaka asubuhi.

"Asipumzike," alisema askari. "Mwamsheni, mvisheni nguo nzito. Gari linakuja."

Alimwita dereva, akampa mtungi wa oksijeni uliokuwa nyuma ya mlango, akarudi kwenye daftari na kuandika saa kando ya majina yale mawili. Tukasogeza mabegi yetu ili gari lipite.