Stendi ya Kati na Haki ya Jirani



Mtu anunuapo pikipiki huuliza inakwenda kasi gani, inakula petroli kiasi gani, na vipuri vyake vyapatikana wapi. Ni nadra kumsikia akiuliza itasimama vipi. Ilhali pikipiki nyingi hupitisha saa nyingi za siku zikiwa zimesimama: mlangoni, dukani, uani, penye watoto wanaocheza na akina mama wanaoanua nguo. Kusimama huko ndiko tunakotaka kukuzungumzia leo, ingawa huenda wengine wakaona ni mambo ya gereji yasiyostahiki kuingia katika ukurasa wa familia.

Stendi za pikipiki ni za aina mbili. Ya ubavuni ni mguu mmoja ulio upande wa kushoto, na pikipiki huuegemea kama mzee aliyeegemea mkongojo. Ya kati ina miguu miwili chini ya injini; pikipiki huinuliwa juu yake ikasimama wima, na gurudumu la nyuma aghalabu likaachana na ardhi. Ya kwanza hushushwa kwa ncha ya kiatu. Ya pili yamtaka mtu ashuke, ashike, akanyage. Ndiyo maana ya kwanza hupendwa, na ya pili hupuuzwa hata ikang'olewa.

Sisi ni watu wa pwani tuliohamia Nairobi kwa kazi ya kufundisha, na makazi yetu ni Kilimani. Jina lenyewe lasema ni mahali pa kilima, na anayeshuka kuelekea bonde la Mto Kirichwa hahitaji kuambiwa maana yake. Zamani mitaa hii ilikuwa ya nyumba moja moja zenye bustani; leo ghorofa zimesimama bega kwa bega, na ua mmoja unatumiwa na jamaa nyingi. Magari yamepangwa, watoto wanacheza katikati ya magari, na pikipiki zinazoleta chakula na vifurushi zinaingia na kutoka tangu asubuhi hadi usiku.

Binti yetu wa pili ana pikipiki yake. Yeye na mama yake hukanda unga usiku, na baada ya swala ya alfajiri huchoma mahamri na kupakua mbaazi za nazi. Ifikapo saa moja kasoro huwa ameshafunga kreti kwenye keria na kushika njia ya Hurlingham na Ngong Road, kuwapelekea wafanyakazi wa maofisini kifunguakinywa. Riziki ya nyumba kwa sehemu kubwa imo katika kreti hiyo. Pikipiki aliinunua mkononi mwa mtu, ikiwa na stendi ya ubavuni peke yake. Nyingi za aina yake hutoka kiwandani na stendi zote mbili, lakini mwenyewe wa kwanza aliiondoa ya kati kwa sababu ilikuwa ikikwaruza matuta ya barabarani akibeba abiria na mzigo.

Msimu wa masika uliopita palitokea jambo katika ua wetu. Kijana mmoja aliyeleta chakula aliiegesha pikipiki yake juu ya mguu wa ubavuni, pale matofali ya sakafu yanapokwisha na udongo mwekundu unapoanza. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kijana akapanda ghorofa ya tatu, na huku nyuma mguu ule ukazama taratibu bila ya mtu kuona. Pikipiki ikaangukia upande wa kushoto, alikokuwa amechutama mtoto wa jirani, mwenye miaka minne, akiokota mpira. Usukani ukampiga mguuni, mfupa wa muundi ukapata ufa. Mtoto alikaa na plasta majuma sita. Kijana yule alilia kuliko mtoto.

Mama wa mtoto alikuja kwetu jioni, akakaa na mama watoto, kisha akatuambia kwa upole: "Ustadh, mimi simlaumu yule kijana, kila mtu yuko kazini. Nauliza tu, hii ya binti yenu nayo inasimamaje?"

Swali lile halikuwa na ukali, lakini lilikuwa zito. Pikipiki hizi zina uzito wa zaidi ya kilo 100, na ya binti yetu kila alfajiri huongezewa chungu cha mbaazi zinazochemka. Tulimjibu: "Itatengenezwa, mama, inshallah kabla ya Ijumaa." Wasomaji wetu wanajua kwamba kuondoa udhia njiani kumehesabiwa kuwa tawi la imani. Mara nyingi tukilisikia hilo huwaza mwiba na jiwe. Pikipiki iliyoegemea penye watoto nayo ni udhia, ila huo haujaanguka bado.

Basi tukaenda na binti yetu Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado huiita Grogan, kwenye maduka ya vipuri. Ya kwanza tuliyouziwa ilikuwa ya pikipiki ya aina nyingine. Mashimo yake yaliingiana, lakini miguu yake ilikuwa mirefu kwa kiasi cha vidole viwili. Fundi wa karibu na nyumbani alipoifunga, yeye mwenyewe alihema kuiinua pikipiki juu yake, na binti yetu hakuweza kabisa. Hapo tukafahamu kwamba stendi ndefu kupita kiasi haiinuliki, na stendi fupi huliacha gurudumu likigusa chini, pikipiki ikawa inatikisika. Iliyo sawa huliinua gurudumu la nyuma kidogo tu, kiasi cha kulizungusha kwa mkono. Tukairudisha, tukapata ya aina yake hasa. Bei yake haikufikia nusu ya bei ya mfuko wa unga wa ngano wa kilo 50.

Kuifunga si kazi ya siku nzima. Chini ya fremu mna masikio mawili yenye matundu; stendi huingia kati yake, na pini ndefu iliyopakwa grisi hupita kutoka upande mmoja hadi wa pili, ikafungwa isitoke. Ugumu upo kwenye springi, kwani ni fupi na ina nguvu nyingi, na ikimponyoka mtu yaweza kumjeruhi jicho. Fundi wetu aliikunja upande mmoja, akachomeka sarafu za shilingi moja kati ya pingili zake, akaikunja upande wa pili na kuchomeka nyingine. Springi ikarefuka yenyewe, akaipachika kwenye ndoano zake bila ya kuvutana nayo, na alipoikanyaga stendi sarafu zikaanguka chini zote. Mwisho alitazama kama kuna kipande cha mpira kinachozuia chuma kisigonge bomba la moshi. Hakikuwapo, akakitia.

Binti yetu alikuwa na shaka moja. "Baba, fundi ana mikono ya chuma. Mimi nitaiinua vipi na kreti imejaa?"

Fundi akamjibu kabla yetu: "Dada, usiinue. Kanyaga."

Neno hilo lina ufundi wake. Mtu husimama upande wa kushoto, mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia kwenye chuma cha keria. Huweka mguu wa kulia juu ya ulimi wa stendi na kuushusha polepole mpaka ahisi miguu yote miwili ya stendi imegusa ardhi sawasawa. Hapo pikipiki huwa wima. Kisha huuhamishia mguu ule uzito wote wa mwili, kama anayepanda ngazi, na mkono wa kulia huongoza tu juu na nyuma. Pikipiki hujipandisha yenyewe. Anayevuta kwa mgongo huumia mgongo na pikipiki haimtii. Siku ya kwanza binti yetu alijaribu mara tano bila mzigo, sisi tumeshika upande wa pili. Siku ya tatu hakumhitaji mtu. Mama yake naye akataka kujaribu, na mwili wake ni mdogo kuliko wa binti yake, akaweza. Tunalitaja hili kwa ajili ya akina mama wengi walioambiwa kwamba hiyo ni kazi ya nguvu za kiume.

Kuishi nayo kuna adabu zake. Sasa kreti hupakiwa pikipiki ikiwa wima, na chungu cha mbaazi hakiinami upande. Mafuta ya injini hupimwa kwa usahihi, kwani pikipiki iliyolala ubavuni hutoa kipimo cha uongo. Cheni husafishwa na kutiwa mafuta kwa kulizungusha gurudumu kwa mkono. Twasema kwa mkono, na injini iwe imezimwa, ufunguo umetolewa. Gurudumu lililoinuliwa likizungushwa na injini hula vidole, na huvuta kitambaa chochote kilicho karibu, iwe tambara, mtandio au pindo la buibui. Watoto huvutiwa na kitu kinachozunguka. Wasikaribie.

Mteremkoni, pua ya pikipiki itazame juu. Ikitazama chini, msukumo mdogo wa mbele waweza kuishusha kutoka kwenye stendi na kuipeleka bondeni. Penye udongo laini huwekwa ubao chini ya miguu ya stendi. Binti yetu ana kipande cha ubao kimefungwa chini ya kreti. Springi hutazamwa kila juma, kwa kuwa ikikatika njiani stendi hushuka na kuburura lami, na hapo dawa ni kusimama mara moja na kuifunga kwa waya mpaka kwa fundi. Matuta hupandwa taratibu. Malalamiko ya mwenyewe wa kwanza yalikuwa ya kweli: kwa mzigo mzito chuma kile huweza kugusa. Kwa hiyo mzigo umepunguzwa, na safari moja imekuwa mbili.

Wala hatuidharau stendi ya ubavuni. Kwenye kituo cha dakika moja, juu ya sakafu ngumu, inafaa. Ila nayo isisahauliwe chini wakati wa kuondoka, kwani pikipiki ikikata kona ya kushoto, mguu ule hukita barabarani na kumwangusha mpanda.

Wapo waliotuuliza, baada ya kumwona binti yetu akiisukuma pikipiki kuishusha kwenye stendi, iwapo yafaa mtoto wa kike wa shehe kupanda chombo hicho. Tuliwakumbusha kwamba wanawake wa Kikureishi wamesifiwa katika Hadithi iliyosimuliwa na Imamu Bukhari, na sifa yenyewe imewataja kuwa ni wapandao ngamia. Yeye huvaa suruali pana chini na juba fupi juu, mtandio umeingia ndani ya kofia ngumu, na juu yake fulana ya kuakisi mwanga, kama sheria ya barabarani inavyotaka. Sitara yake imetimia na hakuna pindo linalofika kwenye cheni. Lililobaki ni rehema ya njia, nayo tunaiomba kila asubuhi.

Mtoto wa jirani ameshatolewa plasta, na anakimbia kama zamani. Mlinzi wa lango, kwa ridhaa ya wenye nyumba, amepiga mstari wa rangi kwenye sehemu iliyo tambarare na ngumu, mbali na mahali pa mpira, na kila mleta chakula huelekezwa kuiegesha pale. Vijana hao wana haraka. Malipo yao yamefungamana na muda, na si wote wenye stendi ya kati. Hatuwezi kumtaka kila mmoja aende Kirinyaga wiki hii.

Lakini lipo tunaloliweza sisi tunaoagiza. Chakula kinapoletwa, mmoja wetu ashuke akakipokee langoni, ili kijana asiiache pikipiki peke yake uani. Na ikiwa ni lazima apande ngazi, aonyeshwe mahali penye sakafu ngumu, na asubiriwe dakika anayohitaji ili aisimamishe vizuri. Dakika hiyo haimpunguzii mtu kitu, na haki ya jirani imo ndani yake.

Wabillahi tawfiq.