Ceska ya Zamani au Glock Mpya

Ninanunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo wa Rosterman na Ikolomani, hapa Kakamega, Kenya, na kazi hii haifanyiki bila pesa taslimu. Ndiyo maana nina cheti cha kumiliki silaha chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, nacho hufanywa upya kila mwaka. Juzi muuzaji mwenye leseni aliniwekea mezani bastola mbili: Ceska CZ 75 iliyotumika na Glock 19 ya kizazi cha tano.

Ceska ni chuma kitupu. Ilitoka Chekoslovakia mwaka 1975, kazi ya ndugu wawili, František na Josef Koucký, na ina uzito wa karibu kilo moja kabla ya kujazwa risasi. Uzito huo una faida yake: ukifyatua, mkono haurushwi sana. Mshiko wake nao ni mzuri ajabu. Lakini Kakamega hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na bastola ya kiunoni hushinda kwenye jasho. Kutu huanzia chini ya vibao vya mshiko, pasipoonekana. Mwombe muuzaji avifungue, atoe na mtutu uuchungulie kwenye mwanga. Akikataa, mrudishie bastola yake.

Lililonisumbua zaidi ni usalama. Ceska za mwanzo kama hii, kabla ya CZ 75 B, hazina kizuizi cha pini inayogonga risasi. Ikiangukia mdomo wa mtutu huku risasi imo chembani, yaweza kulia yenyewe. Tena kushusha nyundo yake juu ya chemba yenye risasi ni kuizuia kwa kidole gumba huku umevuta kifyatulio. Mimi nina watoto nyumbani. Kasha la chuma ninalo, lakini silaha ya namna hiyo siitaki hata ndani ya kasha.

Glock ina fremu ya plastiki ngumu, ni nyepesi kwa karibu theluthi moja, na magazini yake hubeba risasi 15. Vizuizi vyake viko ndani na kwenye kifyatulio chenyewe, haina kifungio cha nje, kwa hiyo holsta lazima ifunike kifyatulio chote. Na kwa kuwa huvutwa kifyatulio kabla ya kuifungua kuisafisha, toa magazini kwanza, kisha ikague chemba kwa jicho na kwa kidole.

Ceska hiyo inafaa uwanja wa shabaha. Ya kubeba kila siku, nunua Glock, na pesa za risasi za mazoezi uzitenge siku hiyo hiyo.