Bunduki ya Babu na Alama Zake

Kwetu Fizi, neno bunduki linaleta mbio. Tangu uasi wa 1964, kisha vita vya 1996 na vya 1998, watu wetu wameona silaha za kila namna. Lakini kuna bunduki ingine, ile ya mwindaji, yenye mitutu miwili iliyolala bega kwa bega. Hiyo ilileta nyama nyumbani, na hadithi zake wazee walizisimulia ku lubunga. Juu ya hiyo ndiyo tunaandika.

Kwanza ilikuwa gobori. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulikataza kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini uliacha mlango kwa zile za gumegume. Ile ya mitutu miwili, ya kukunja na kutia kartushi, tuliizoea wakati wa Wabeleji. Nyingi zilitoka Liège, mji wa wafua bunduki, ambako nyumba ya kupima mitutu ilianzishwa mwaka wa 1672.

Leo mjukuu anarisi bunduki ya babu, anaona herufi ELG, anasema: "Hii ni ya kampuni ELG, wazungu watanunua bei kali." Hapana, ndugu yetu. ELG si jina la fundi. Ni alama ya kuonyesha kwamba mtutu ulipimwa kule Liège na haukupasuka. Viwanda vyote vya mji ule, vikubwa na vidogo, viliipata. Jina la fundi litafutwe pahali pengine: juu ya mitutu ao ubavuni.

Basi tusome namna gani? Kwanza kabisa, tuhakikishe haina kartushi. Kisha tutenge mitutu na kitako, tuigeuze, tuangalie sehemu bapa ya chini, upande wa kutilia kartushi. ELG iko ndani ya duara refu kama yai, pamoja na nyota. Kama juu yake kuna taji, alama ile ilipigwa tangu 1893. Kama taji hakuna, ni ya mbele ya hapo. Namba 12 ao 16 ndani ya umbo la almasi ni kaliba. Tangu 1922 wapimaji waliongeza herufi ndogo ya mwaka. Yenye kutoka Birmingham, Uingereza, tangu 1904 mpaka 1954 ilipigwa taji juu ya BP na BV.

Alama inayotuhangaisha zaidi ni simba juu ya herufi PV. Maana yake mtutu ulipimwa kwa baruti ya kisasa, isiyo na moshi. Bunduki nyingi za zamani hazina simba huyo, kwani zilitengenezwa kwa baruti nyeusi. Ukitia kartushi ya leo, mtutu unaweza kupasuka karibu na mkono wa kushoto na uso. Na hata simba akiwepo, kutu ya miaka mingi inakula chuma. Alama inasema mtutu ulikuwa namna gani siku ile ya kupimwa, haisemi hali yake ya leo.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Msisugue alama kwa tupa ao msasa ili chuma king'ae: mnafuta kitambulisho, na mwenye kukusanya vitu vya kale atapunguza bei ao atakataa. Msiuze gizani, kwani sheria ya tarehe 3 Septemba 1985 inataka ruhusa, na bunduki ya babu ikianguka mikononi mwa wenye vita, haitakuwa tena ya uwindaji. Tena, chukueni daftari, mchore kila alama kama ilivyo, na pembeni muandike nani aliibeba na pori gani aliwinda. Alama za Liège mtu wa mbali anaweza kuzisoma. Yale ya pembeni, wazee wetu peke yao ndio wanayajua, na wanazidi kupunguka.