Mbongo wa Texas Anayejaza Risasi Gereji: Alianza Kubana Matumizi, Ikamgharimu Mshkaji

Wapo Wabongo wa majuu wanaokaanga maandazi ya kuuza, wapo wanaosuka nywele sebuleni, halafu yupo huyu mmoja wa Texas ambaye kila Jumapili jioni anajifungia gereji anatengeneza risasi. Ndiyo, risasi. Kabla hujashtuka, jamaa hana kesi wala hatafutwi. Marekani, mtu mwenye haki ya kumiliki bunduki akijaza risasi za kutumia mwenyewe, sheria ya nchi nzima haimdai leseni. Jina lake linabaki kapuni kwa sababu moja tu: mama yake aliyeko Mbeya hadi leo anajua mwanae akiwa gereji anatengeneza gari.

Jamaa ni dereva wa lori, ana mke na mtoto mmoja, na ana ile kadi ya ukaazi wa kudumu ambayo Wabongo wengi kule wanaiota usiku. Bunduki aliinunua kihalali, ya saizi ya .308, kwa ajili ya kuwinda nguruwe pori. Texas hao wanyama ni balaa, wakiingia shamba usiku mmoja asubuhi utadhani limepita trekta. Mwenye shamba akikuruhusu, anakushukuru kabisa.

Mambo yakabadilika 2020. Korona ikaingia, watu wakakimbilia madukani, risasi zikaadimika kama sukari ya hapa kwetu ikifichwa. Boksi la risasi 20 alilozoea kununua kwa dola 20 na kitu, akalikuta 45. Na hapo upange foleni.

Jirani yake, mzee mmoja wa Kizungu aliyewahi kuwa mwanajeshi, akamuuliza swali la ajabu: “Yale maganda unayaokota au unayaacha?” Jamaa alikuwa anayaacha. Mzee akasikitika kama kaona mtu anatupa wali jalalani.

Maana wengi hatujui hii. Risasi ikipigwa, kinachoruka ni kichwa tu. Ganda la shaba linabaki, na ndilo lenye gharama. Risasi nzima ni vitu vinne: ganda, kichwa, baruti, na kale kakifuniko kadogo kwenye kitako kanakogongwa na bunduki kakatoa cheche, wenyewe wanakaita praima. Ganda la bunduki ya kuwindia likitunzwa linajazwa tena mara kadhaa, mpaka litoke ufa au uone mstari unaong'aa karibu na kitako. Ukiuona huo mstari, tupa. Usibishane nao.

Jamaa alitaka kukimbilia dukani kununua mashine. Mzee akamkatalia. Cha kwanza ni kitabu. Makampuni kama Hornady na Lyman yanatoa vitabu vya vipimo: ganda hili, kichwa cha uzito huu, baruti aina hii, anzia hapa, usivuke pale. Na unaanzia chini, siyo pale juu. Mzee alimfanya asome wiki mbili nzima kabla ya kumruhusu kushika chochote. Kwa mtu aliyemaliza shule akiapa hatofungua tena kitabu, hiyo ilikuwa adhabu.

Baadaye ndiyo vikaja vifaa: presi ya mkono, kalibu la chuma la saizi yake, mizani, kipimo cha urefu, trei yenye matundu 50. Jumla ilimtoka kama dola 450. Mke wake alipoona risiti aliuliza, “Si ulisema tunabana matumizi?”

Na shem alikuwa na hoja. Jamaa alipiga hesabu: risasi ya dukani kwa bei ile ya kabla ya korona ilikuwa kama dola 1 na senti 20, ya kwake ilimgharimu senti 70. Anaokoa senti 50 kwa kila moja. Kurudisha zile 450 inabidi apige risasi 900. Kwa miaka miwili alikuwa hajafikisha hata 600. Kubana matumizi gani huko!

Siku ya kwanza tu aliharibu. Ganda linatakiwa kupakwa mafuta kidogo kabla halijaingizwa kwenye kalibu lirudi umbo lake. Yeye akasahau. Likanasa, akavuta mkono wa presi mpaka kitako kikachanika, ganda likabaki humo ndani kama kisibo kilichovunjikia kwenye chupa. Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Akamwambia kila mtu hupitia hapo.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Unakagua maganda moja moja, unayasafisha, unayarudisha umbo, unapima urefu na kupunguza yaliyorefuka, unaweka praima mpya, unapima baruti kwa mizani, unakandamiza kichwa. Baruti inapimwa kwa greni, na greni 7,000 ndiyo zinafanya ratili moja, kwa hiyo fikiria udogo wake. Mezani inakaa kopo la baruti aina moja tu, kwa sababu zikichanganyika hakuna jicho la kuzitenganisha. Sigara marufuku. Chakula marufuku, maana masizi ya praima yana madini ya risasi, yale yanayodhuru ubongo wa watoto. Shem ndiye aliyeweka sheria ya nyongeza: hakuna kumbeba mtoto mpaka mikono ioshwe kwa sabuni na nguo zibadilishwe. Makopo yote yanafungiwa kabatini na ufunguo anao yeye.

Sasa sikia kilichotokea usiku mmoja wa Januari. Jamaa yuko gereji, trei ina maganda 50, ameshafunga vichwa 17. Simu ikaita, mama kutoka Mbeya. Kule saa 2 usiku, huku saa 11 alfajiri. Mama yako akikupigia alfajiri unapokea, hakuna mjadala. Kumbe alikuwa anaulizia hela ya mbolea tu. Waliongea nusu saa.

Aliporudi mezani hakukumbuka alipoishia. Yale yaliyo wazi yangeonekana kwa tochi, lakini yale 17 yalikuwa yameshafungwa. Je, yote yalipata baruti?

Kwa asiyejua, risasi isiyo na baruti ni hatari kuliko inavyosikika. Praima peke yake ina nguvu ya kusukuma kichwa kikakwama ndani ya mtutu. Unasikia mlio mdogo wa ajabu, unadhani imegoma, unapakia nyingine. Hiyo ya pili inakuta njia imezibwa, na mtutu unaweza kupasuka karibu na uso wako.

Akachukua nyundo ya kuchomolea vichwa, akaanza kugonga sakafuni. Moja, ina baruti. Mbili, ina. Shem akatoka na khanga kiunoni kuuliza kelele za nini usiku huo na mtoto kalala. Akaelezwa. Badala ya kurudi kulala akavuta kigoda akakaa kuhesabu naye. Ya 14 ilipochomolewa, haikutoka hata punje.

Hawakuongea kitu kwa muda. Kisha shem akasema, “Malizia tatu zilizobaki.”

Wiki ileile, mshkaji wake akaja na ofa. Dogo walitoka mtaa mmoja, yuko kule kwa viza ya mwanafunzi, na alikuwa na wenzake wanaotaka kwenda kulenga shabaha. “Braza nifanyie risasi 100, pesa taslimu, nani atajua?”

Jamaa akakataa. Kujaza za kwako ni sawa, lakini kuzitengeneza kwa biashara kunahitaji leseni ya serikali kuu. Tena mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi hata kuwa na risasi mfukoni, isipokuwa kwa vijinjia vichache kama kuwa na leseni ya uwindaji. Na kwa mgeni, kesi ya silaha haiishii kwenye faini. Unaweza kurudishwa nyumbani, kadi yako ya ukaazi ikawa karatasi. Alimweleza yote hayo. Ya risasi ya 14 hakumwambia.

Dogo akamjibu, “Umeshakuwa Mzungu wewe.” Akamfungia WhatsApp, na kwenye harusi ya Mbongo mwenzao Houston alipita meza yake bila salamu.

Kwa wale mnaotaka kuuliza kama inawezekana Bongo: huku kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kutengeneza risasi bila kibali ni jinai. Waulizeni waliokamatwa na magobole.

Jamaa bado anajaza. Simu anaiacha ndani kwa shem, na mama Mbeya akipiga anaambiwa mwanae yuko chini ya gari.