MCHAGUA JEMBE SI MKULIMA

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Maana yake ni kwamba mwenye nia ya kazi hutumia zana iliyopo, na anayeshinda dukani akipima mipini huenda hana haja na shamba. Methali hii ina ukweli mwingi. Hata hivyo, upo wakati ambapo mkulima hodari hulazimika kubadili jembe, na hapo ndipo ukulima wake hupimwa. Nitaeleza kwa mfano wa jambo ninalolijua vizuri, yaani kurekodi muziki nyumbani.

Kwetu Dodoma, mimi na kaka yangu tuna chumba cha nyuma chenye magodoro mawili yaliyoegemezwa ukutani ili kuzuia mwangwi. Tuna maikrofoni moja. Kompyuta mpakato ilikuwa ya kaka, na ndani yake mlikuwa na FL Studio, programu iliyotengenezwa nchini Ubelgiji ambayo ilitoka mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops. Kwa miaka mitatu tulikamilisha nyimbo saba. Katika mbili kati ya hizo anaimba Bibi kwa Kigogo huku akipiga muheme, ngoma ambayo kwetu hupigwa na wanawake. Januari mwaka huu Bibi alifariki dunia. Nyimbo nyingine zingeweza kurekodiwa upya, lakini hizo mbili zisingeweza.

Mwezi uliofuata kaka alipata kazi Mwanza, na kompyuta yake ingeondoka naye. Mama alitununulia kompyuta ya mezani iliyokwishatumika, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 tu. Tulichagua Reaper, programu ya kampuni ya Cockos ya Marekani. Ni nyepesi, hujaribiwa bure kwa siku 60, na leseni yake ya bei ya chini ni dola 60. Kaka aliniambia, "Mdogo wangu, programu utaizoea. Kazi ni kumhamisha Bibi salama."

Kazi hiyo ilikuwa na ugumu wake. Faili la mradi la programu moja kwa kawaida halifunguki katika nyingine. Sababu ni kwamba faili hilo hufanana na maelezo ya mapishi kuliko chakula chenyewe: linaiambia programu ichukue sauti ipi, iipige lini na iongeze mwangwi kiasi gani. Mpishi mwingine, mwenye vyungu vingine, hawezi kuyafuata. Kwa hiyo ilitubidi tuhamishe chakula kilichokwishaiva.

Kwanza, tuliandika katika daftari mwendo wa kila wimbo, yaani idadi ya mapigo kwa dakika. Pili, tulitoa kila sauti peke yake kama faili la WAV: ngoma peke yake, gitaa peke yake, Bibi peke yake. Kila faili lilianzia sekunde ya sifuri, hata kama Bibi anaanza kuimba dakika ya pili. Kwa njia hiyo mafaili yote yakipangwa pamoja huanza kwa mguu mmoja, kama wanafunzi katika gwaride. Tatu, noti za kinanda tulizitoa kwa mfumo wa MIDI, ambao umetumika tangu mwaka 1983. MIDI hubeba habari za kitufe kilichobonyezwa, wakati na nguvu yake, lakini haibebi mlio wenyewe. Nne, sauti ya Bibi tuliitoa mara mbili, moja ikiwa na madoido na nyingine ikiwa mbichi, ili siku za mbele mtu aweze kuipika upya.

Hesabu ya darasani nayo ilitufaa. Dakika moja ya WAV ya stereo, yenye sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16, huchukua takribani megabaiti 10.6. Wimbo wa dakika nne wenye sauti 11 unahitaji karibu megabaiti 466, na nyimbo saba za namna hiyo hupita gigabaiti 3. Tulinunua flashi mbili za gigabaiti 8. Moja ilikwenda Mwanza na nyingine ikabaki kabatini kwa Mama.

Mwisho tulifanya jaribio. Ndani ya Reaper niliweka wimbo kamili kama ulivyotoka kwa kaka, tukiwa tumeondoa madoido ya jumla, kisha nikapanga chini yake sauti zote 11. Halafu niliugeuza wimbo kamili kinyume, panapopanda pashuke. Iwapo pande mbili zinalingana, hufutana na husikii kitu. Nilibonyeza kitufe. Palikuwa kimya. Nilipozima upande mmoja, Bibi akaimba. Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliketi kitako bila kusema neno.

Majuma mawili ya kwanza mikono yangu ilikuwa mizito. Katika FL Studio nilizoea kuunda vipande vifupi na kuvipanga kama matofali, ilhali katika Reaper nilirekodi kwa mstari mrefu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Vitufe vya mkato vilikuwa tofauti. Lakini sikio langu halikuhama. Nilijua bado ni wapi ngoma imezidi na ni wapi mwimbaji amekosa pumzi, kwa sababu ujuzi huo haukukaa katika programu yoyote.

Ndiyo maana naiheshimu methali ya wahenga, ila naiongezea neno. Mchagua jembe si mkulima, lakini mkulima wa kweli huijua mbegu kuliko jembe. Akilazimika kubadili zana, hujiuliza kwanza ni kipi kisichoweza kupatikana tena, akakihifadhi, ndipo akashika mpini mgeni. Mtahiniwa mwenzangu, baada ya mtihani huu wengi wetu tutabadili shule, miji na kazi. Vifaa vitakuwa vingine na walimu wengine. Tuhakikishe mapema kwamba tulichokipata kinaweza kufunguka popote tutakapokwenda.