Miaka 14 ya "siyo"
Jonathan Pace, mhandisi wa Tennessee, Marekani, hakulipwa mshahara kutafuta namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Alijitolea tu katika mradi wa GIMPS, ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996, unaogawa hesabu hizo kwa kompyuta za watu duniani kote. Kwa zaidi ya miaka 14 jibu lake lilikuwa lile lile: siyo. Lakini kila "siyo" iliwapunguzia wenzake namba moja ya kupima. Desemba 26, 2017 akaipata, yenye tarakimu 23,249,425. Mtoto aliyekosa hesabu naye ameijua njia moja isiyofika. Asifokewe, akae na mzazi, wajaribu nyingine.