Nilivyouza Blanketi la Mama Kumwokoa Simba

Mtaani kwetu Umoja, jijini Nairobi, ni wachache sana wanaolijua jina nililopewa na wazazi wangu. Nina binti mtu mzima, na kwa desturi ningepaswa kuitwa kwa jina lake. Lakini watoto wa ploti walianza zamani kuniita Mama Simba, wazazi wao wakafuata, na sasa hata muuza maziwa huandika hivyo katika daftari lake la madeni. Nami huitikia. Simba ni mbwa wangu wa rangi ya kahawia, mwenye sikio moja lililosimama na jingine lililolala. Licha ya jina hilo kubwa, ngurumo ya kwanza ikisikika yeye huwa keshafika mvunguni mwa kitanda.

Kazi yangu ni kushona mablanketi ya viraka. Ndugu zetu wa pwani wana neno zuri, mfarishi, kwa kitu cha kitambaa kilichojazwa pamba katikati. Wateja wangu hawana habari na neno hilo, wao huuliza tu, "Yale mablanketi ya Mama Simba ni pesa ngapi?"

Siku yangu huanza saa kumi na moja alfajiri, Simba anaponigusa mkono kwa pua yake baridi. Nikishakunywa chai huketi kwenye cherehani yangu ya miguu, ambayo haijali stima ikiwapo au ikipotea. Jumanne na Alhamisi huenda soko la Jericho, ambako mafundi wa nguo za kitenge ni wengi, nikanunua gunia la vipande wanavyobakisha. Zamani walikuwa wakinipa bure ili nisaidie kufagia. Siku hizi wameerevuka. Mara nyingine huteremka Gikomba kutafuta mashati ya pamba ambayo kola zake zimekwisha lakini mgongo ungali mzima.

Mpenzi msomaji, usidhani hii ni kazi ya kuokota na kuunganisha ovyo. Vitambaa vyote huviloweka kwanza, ili kitakachochuja rangi kichuje ndani ya beseni wala si juu ya shuka la mteja, na kitakachorudi kirudi kabla sijakikata. Kisha hukata miraba ya inchi sita na nusu. Robo inchi ya kila upande humezwa na mshono, mraba ukabaki inchi sita kamili. Kwa blanketi la futi tano kwa sita nahitaji miraba 120, yaani 10 kwa upana na 12 kwa urefu. Ukikosea kidogo tu katika kila mshono, ukifika mwisho safu imepinda kama njia ya ng'ombe.

Viraka vikishaungana, huviweka juu ya blanketi kuukuu au pamba, na chini yake shuka. Tabaka hizo tatu huzishona pamoja kwa mkono ili kilicho katikati kisije kikajikusanya pembeni. Hapo cherehani hupumzika, nami huketi jioni nzima na sindano, Simba akiwa amelala miguuni pangu juu ya vipande nilivyovitupa.

Simba sikumnunua; nilimrithi. Marehemu mama alikuwa akiishi Kangundo, na Simba, wakati huo akiwa bado mdogo, ndiye aliyekuwa mlinzi wa kuku wake. Mama alipoaga dunia mwaka 2015, ndugu zangu waligawana mbuzi na vyombo. Mimi nilibaki na vitu viwili ambavyo hakuna aliyevitaka: sanduku la leso zake kuukuu, na mbwa aliyekuwa amelala mlangoni pake akikataa chakula. Vyote viwili nikaja navyo Nairobi.

Leso zile zilinichukua miezi minane. Nilizikata kwa mkono uliotetemeka, kwa sababu kila moja nilijua mama aliivaa wapi: hii alikuwa akiendea sokoni, hii ya harusi ya kaka yangu, hii alinibebea mgongoni nilipokuwa mchanga. Wakati huo binti yangu alikuwa amenisomea habari za Wasidi wa jimbo la Karnataka, India, watu ambao mababu zao walitoka Afrika. Wanawake wao hushona mablanketi ya viraka yanayoitwa kawandi. Huanzia ukingoni wakizunguka kuelekea katikati, na katika kila pembe hutia kitambaa kidogo kilichokunjwa ambacho hukiita phula, yaani ua. Kwao, blanketi lisilo na maua hayo ni kama limeachwa uchi. Jambo hilo lilinigusa. Ile leso iliyonibeba nikaikunja vipande vinne, nikavishona pembeni kuwa maua. Blanketi lilipokamilika nililifunga katika karatasi ya nailoni nikaliweka kabatini. Lilikuwa la binti yangu, siku atakapoolewa.

Basi ikafika Mei ya mwaka 2019, mvua ikinyesha kila jioni. Usiku mmoja nilikuwa nashona huku nakula samaki, tabia mbaya ambayo mama aliikemea tangu utotoni mwangu. Nilikuwa nikilowesha ncha ya uzi mdomoni ili uingie katika tundu la sindano. Mlango ukabishwa, nikaiacha sindano na uzi wake juu ya kiti. Niliporudi sikuiona. Niliinama nikapapasa sakafu, nikafagia, nikakata tamaa. Nikajisemea moyoni kwamba itajitokeza yenyewe.

Kesho yake Simba hakula. Kesho kutwa alianza kutapika na kudondokwa na mate, akawa amekunja mgongo kama mzee mwenye baridi. Nilimbeba hadi kituoni. Utingo wa matatu ya kwanza alitutazama akacheka, "Mathe, huyo ana nauli?" Wa pili hakusema kitu, aligonga bodi la gari likaondoka. Jirani mwenye pikapu ya mboga ndiye aliyetuhurumia. Alisema hataki pesa, ila nimfunge mgonjwa vizuri asije akachafua viti.

Daktari wa mifugo alimfungua Simba kinywa, akaniita nisogee. Chini ya ulimi palikuwa na uzi mweusi. Nilinyoosha mkono niuvute, akanishika.

"Usithubutu, mama. Wewe ni fundi, si ndiyo? Unapotaka kutia marinda kwenye sketi, unafanyaje?"

Nikamjibu kwamba napitisha uzi katika kitambaa, nashikilia ncha moja, kisha navuta mpaka kitambaa kinajikunja.

"Basi ndivyo utumbo wake ulivyo sasa," akasema. "Uzi umenasa chini ya ulimi, na tumbo linausukuma mbele. Utumbo unajikunja marinda. Ukiuvuta, uzi utakata kama msumeno."

Maelezo hayo yalinitia baridi mwilini, kwa kuwa niliyaelewa kuliko mtu mwingine yeyote ambaye angekuwa mahali pangu. Picha ya eksirei ikaonyesha sindano yangu, imelala ndani ya tumbo la mbwa wangu. Upasuaji pamoja na dawa ungegharimu shilingi 18,000. Nilikuwa na 6,000, na hizo zilikuwa sehemu ya karo ya binti yangu, aliyekuwa mwaka wa pili chuoni.

Jirani mwenye pikapu alinivuta kando. "Mama Simba, usinielewe vibaya. Kwa pesa hizo si utapata mbwa wengine hata kumi?" Hakusema kwa ubaya. Katika mtaa ambao watu hulala njaa ili watoto wasome, shilingi 18,000 kwa mbwa ni jambo la kumwonea mtu haya. Mimi mwenyewe niliona haya. Lakini sindano ilikuwa yangu, na uzi ulikuwa na harufu ya samaki kutoka mdomoni mwangu. Simba hakukosea; alikula kilichonukia chakula.

Nikampigia binti yangu simu. Kuhusu karo alijibu upesi: "Karo tutaomba wiki mbili, mama. Simba hana wiki mbili." Kisha nikamwuliza kuhusu blanketi. Alinyamaza kwa muda mrefu, hata nikadhani simu imekatika. "Uza, mama," akasema. "Lakini usiniambie umemuuzia nani."

Palikuwa na mama mmoja aliyewahi kuliona blanketi lile na kunisihi nimuuzie kwa shilingi 20,000. Siku ile ilikuwa katikati ya mwezi, naye alikuwa na 12,000 tu. Hakunipunja, alinipa yote aliyokuwa nayo. Nililitoa kabatini nikamkabidhi bila kulikunjua, kwa maana nilijua nikilikunjua sitalitoa. Jioni ile Simba alipasuliwa.

Nilijiuliza mara nyingi kama nilifanya upumbavu. Jibu nililolipata ni hili: vyote viwili vilikuwa vya mama, lakini kimoja kilikuwa kinapumua. Kitambaa kikienda, mkono uliokishona unabaki. Pumzi ikienda, hakuna fundi wa kuiunga.

Binti yangu alipokuja likizoni alinikuta bado nina majonzi, akanisimulia kisa cha Harriet Powers, mwanamke Mweusi wa Marekani aliyezaliwa utumwani katika jimbo la Georgia mwaka 1837. Alishona blanketi lenye picha za visa vya Biblia, na mwaka 1886 likaonyeshwa katika maonyesho ya pamba mjini Athens, katika jimbo hilo hilo. Mwalimu mmoja wa sanaa alilitamani, lakini Powers alikataa kuliuza. Miaka ilipokuwa migumu, mwaka 1891, alimpelekea mwalimu huyo mwenyewe. Aliomba dola 10, akapewa 5, akakubali. Baadaye alikuwa akirudi mara kwa mara nyumbani kwa mnunuzi ili kulitazama blanketi lake. Leo limehifadhiwa katika makavazi ya Smithsonian, Washington.

Kisa hicho hakikunifuta machozi, lakini kilinipa mwenzangu. Nilielewa kwamba mtu anaweza kuuza kitu kwa hiari yake mwenyewe na bado akaenda kukitembelea. Mimi sikuwa na ujasiri wa kwenda.

Blanketi ndilo lililonijia. Julai 2024, katika ile baridi ya Nairobi inayouma mifupa, yule mama alibisha mlango wangu. Watoto wake walikuwa wamelitumia miaka mitano, pindo likachakaa, akataka nilitie jipya. Nililitandaza juu ya meza. Rangi zilikuwa zimefifia, lakini maua manne yalikuwapo pembeni, hata moja halijang'oka.

Niliingia jikoni kuchemsha chai. Niliporudi, Simba, ambaye sasa alikuwa mzee mwenye mvi mdomoni na macho yenye ukungu, alikuwa ameuvuta upande mmoja hadi sakafuni, akalala na kidevu chake juu ya ua mojawapo. Blanketi lile lilikuwa limefuliwa mara nyingi mno kwa sabuni. Mimi nililinusa sikusikia kitu. Lakini pua yangu si pua ya mbwa. Sikumwamsha. Niliketi kando yake mpaka chai ikapoa.

Pindo lenyewe lilikuwa kazi ya siku moja. Nililishona kwa siku tatu. Mwenyewe alipokuja kulichukua nilikataa malipo, naye, bila kuuliza sababu, akasema, "Ukitaka kuliona, Mama Simba, nyumba unaijua." Tangu hapo nimeshakwenda mara mbili.

Sindano zangu siku hizi hulala katika kopo lenye mfuniko, na huzihesabu kila jioni kabla sijazima taa. Nawe msomaji, kama una mbwa au paka nyumbani, weka mbali sindano na nyuzi, na ukiona uzi umemtoka mdomoni au nyuma usiuvute. Mpeleke kwa daktari. Chanjo ya kichaa cha mbwa nayo usiikose. Cheti cha Simba nimekibandika ukutani, na jirani akilalamika kwamba watoto wanachezea mbwa, humwonyesha kwa kidole.

Na kabla hujatupa leso ya mzazi wako kwa sababu imepauka, ikate viraka. Wahenga walituasa tusitupe mbachao kwa msala upitao. Blanketi jingine la binti yangu nimelifikisha mraba wa 90. Si la leso za mama. Ni la magauni yangu mwenyewe. Lina manyoya ya kahawia katika kila mshono, nami sihangaiki kuyatoa.